Pingili za Chiriku

Jumatatu, 4 Machi

Samahani kwa kukaa kimya muda wote huu. Hata sijui namwomba nani radhi, humu najisomea mwenyewe. Tangu mwanangu afanyiwe upasuaji sijashika kalamu. Nikifungua daftari, naona ukurasa mweupe, nafunga.

Basi niandike. Uvimbe ulitoka, na figo ya kushoto ikatoka nao. Mtoto wa miaka mitano! Amebaki na figo moja na mdomo wake uleule, ndiyo maana tunamwita Chiriku. Sasa watampiga mionzi ubavuni, kuua mabaki. Leo wamempiga picha za kupangia. Mpiga picha kamwambia alale kama gogo, gogo halisogei. Akajibu, "Lakini gogo linaota uyoga, hamjui?" Wote wakacheka. Mimi nikatoka nje kulia.

Jumatano, 6 Machi

Mionzi ilikuwa ianze leo. Haikuanza! Nesi katurudisha mlangoni, eti hesabu zinarudiwa. Nikapandwa na hasira. Siku zote hizi walikuwa wanahesabu nini — nyota?

Akatoka mtu wa hesabu mwenyewe. Kijana, macho mekundu, shati limekunjamana. Kazi yake ni kupanga mionzi iingie wapi na kwa nguvu gani. Kanikalisha mbele ya kompyuta, hakunificha kitu. Hesabu ya kwanza, ile ya haraka, inachukulia mwili wote kama maji. Nyama inakaribiana na maji. Mfupa hapana, mfupa ni mzito, mionzi inaupita kwa namna yake. Akarudia kwa hesabu inayoutambua mfupa, na rangi za kwenye picha zikabadilika pale uti wa mgongo unapopakana na ubavu. Pingili zake, vile vifupa vilivyopandana kama vikombe, zinapata dozi kubwa upande wa kushoto. Upande wa kulia kidogo sana, chini ya walivyodhani.

Nikamwambia, si ndiyo vizuri? Kulia kumesalimika.

Kazima kompyuta. Kisha kasema hilo atanieleza daktari.

Mtu akikusukumia kwa mkubwa wake, jua habari si nyepesi.

Ijumaa, 8 Machi

Daktari kaeleza. Heri asingeeleza.

Mfupa wa mtoto ukipata mionzi unadumaa. Ukipigwa nusu, ile nusu iliyosalimika inaendelea kukua peke yake, na mgongo unapinda. Akifika usichana atakuwa ameinama upande mmoja, kama mche uliofuata dirisha. Kuikwepa mifupa yote hawawezi, uvimbe ulikuwa umeiegemea. Kwa hiyo wanataka kuusogeza mpaka wa mionzi uchukue pingili nzima, kushoto na kulia, sawasawa.

Nikasema, yaani mnaniomba ruhusa ya kuumiza upande usio na kosa?

"Ndiyo, mama."

Hakuzunguka. Kiwiliwili chake kitakuwa kifupi, lakini kitanyooka. Kifupi kiasi gani? Hawawezi kusema.

Nilimpenda kwa kutozunguka. Nilimchukia pia. Nimeomba nifikirie mpaka Jumatatu, akasema isipite hapo.

Jumapili, 10 Machi

Nimempigia baba yake, yuko mbali kazini, harudi hadi mwisho wa mwezi. Kafoka. Nani amewahi kusikia dawa ya kuharibu pazima? Nisikubali lolote mpaka aje yeye. Nikamwambia mabaki ya uvimbe hayangoji mtu apate likizo. "Wewe mambo ya mionzi umeyasomea lini?" Sikuyasomea. Lakini rangi nimeziona kwa macho yangu, wewe hujaziona! Akakata simu.

Mama mkwe, yeye kajitia kunifariji. Eti mwanangu, usilie, mfupi hagongi kichwa mlangoni. Nikacheka hadi machozi yakatoka, na yakaendelea kutoka. Chiriku akanitazama. "Mama, unacheka au unalia? Chagua moja."

Jioni nilimwogesha. Nikampitishia kidole mgongoni, pingili moja moja. Nzima zote. Zilitengenezeka tumboni mwangu, na sikuwa nimefanya lolote ila kula na kulala.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekubali. Nimetia saini peke yangu. Kisha nikamfunga Chiriku viatu.

Mtu wa hesabu kanionyesha mpango mpya. Rangi moja, kutoka kushoto hadi kulia, imelingana. Nikasema "imependeza", kabla sijakumbuka ni nini ninachokitazama. Mungu anisamehe.

Wanaanza kesho asubuhi. Baba yake hapokei simu. Nimemwandikia ujumbe: Nimekubali. Kasirika na mimi, lakini mwanao mpigie. Ameusoma. Hajajibu.

Dada yangu kauliza anitumie nini kutoka nyumbani. Naandika hapa kwanza, nisisahau:

Sabuni isiyo na manukato, ngozi ya ubavuni isije ikachubuka.

Shuka yake ya njano, ile iliyolainika.

Chaja ya simu, hii yangu inashika ikitaka.

Magauni mawili ya vifungo vya mbele. Aliyonayo ni ya kuvalia kichwani, yanamsumbua kwenye kidonda. Nunua mapya, yamtoshe hivi alivyo leo. Muuzaji akikwambia chukua makubwa kidogo, watoto wanakua, wewe dada mwambie hapana, mwambie tu huyu wetu kiwiliwili hakitarefuka sana.