Eda Ghorofa ya Tatu

Jumapili, 19 Oktoba 1997

Nimelala hotelini! Mimi Shariffa, mwenye nyumba Ndia Kuu, nusu saa tu kwa miguu kutoka hapa — na niko hotelini kama mtalii. Mvua za mwaka huu hazina adabu. Jana dari ya chumbani ilianza kutema mchanga. Leo alfajiri boriti mbili zikashuka na chokaa yote, puu, juu ya kitanda. Tulikuwa tumeshaamka kuswali. Alhamdulillahi.

Abdulkadir amekataa tusiende kwa ndugu yeyote. Ati hataki kuwa mgeni wa kutazamwa anavyomega mkate. Twende hoteli wiki mbili, fundi Tsofa amalize dari. Basi ndiyo hii, upande wa Mbaraki, chumba 307. Lifti. Zulia. Dirisha halifunguki, kwa sababu ya eyakondishini. Nimemuuliza Jared wa mapokezi, mtu akitaka hewa afanyeje? Akasema nibonyeze kitufe.

Jumatano, 22 Oktoba

Abdulkadir anaona raha! Anashuka kwenda kufungua kinywa na kofia yake ya Idi, anakula mayai matatu, anarudi na ndizi mfukoni. Miaka sabini na moja. Leo kaniambia: Shariffa, sisi hatukupata fungate, hii ndiyo. Nikamwambia astahi mvi zake. Halafu nikageukia ukutani nicheke asinione.

Anayesafisha chumba ni Mbeyu, Mgiriama, anakaa Majengo. Anabisha hodi kama anayeomba radhi. Tumeshazoeana, namwekea ndizi.

Sami alikuja, mdogo wake Abdulkadir. Kachukua funguo za nyumba, atamsimamia Tsofa. Ni vizuri, maana miguu ya Abdulkadir haipandi ngazi za fundi tena.

Ijumaa, 24 Oktoba

Abdulkadir amekufa.

Saa tano. Alikuwa ametoka kuoga josho la Ijumaa. Alikaa kitandani avae kanzu. Mkono mmoja ndani, mmoja nje.

Wamemzika kabla ya magharibi. Siwezi kuandika.

Jumatatu, 27 Oktoba

Matanga yamekaliwa kwa Sami. Mimi sikwenda. Niko hapa hapa 307, na ni ulimi wangu ulioniweka.

Ijumaa ile, jeneza halijatoka hotelini, Sami alisimama mlangoni akiwa ameelekeza uso ukumbini. Kaniuliza kwa upole: shemeji, eda utaikalia wapi? Na mimi, machozi hayajakauka, nikamjibu kama ninavyowajibu watu miaka ishirini na tano: eda hukaliwa pale msiba ulipokufikia. Mtaani kwetu mimi ndiye niwaingizaye wajane eda. Nawaogesha, nawavisha nyeupe, nawasomea masharti. Hina hakuna, wanja hakuna, manukato na dhahabu hakuna. Kuonwa na wanaume wa kando hakuna. Kutoka hakuna. Miezi minne na siku kumi. Hakuna mjane aliyewahi kunibishia.

Sami akasema, basi, wewe ndiye mjuzi, sisi ni kufuata tu. Hoteli niiache juu yake. Alijibu upesi mno. Leo ndiyo naukumbuka upesi ule.

Wanawake ishirini walikuja kunipa pole. Jared akawauliza kama ni wa semina.

Alhamisi, 30 Oktoba

Hoteli haikujengwa kwa eda. Kioo hakitoki ukutani — nimekifunika kanga. Sabuni inanuka waridi. Nimemrudishia Mbeyu, akaniletea kipande cha sabuni ya kufulia kutoka kwake. Shuka zinanukia. Mpaka ukumbi wa nje unanukia! Nikivuta pumzi nahesabu dhambi.

Leo waliniletea mwanamume wa kutengeneza eyakondishini. Nilijifungia bafuni na blanketi gubigubi, saa nzima, nimekaa juu ya kifuniko cha choo. Anapiga mluzi huko nje. Nikasema, Abdulkadir, ungeniona ungecheka mpaka meno ya bandia yakutoke. Halafu nikalia.

Jumamosi, 8 Novemba

Harusi chini, kwenye ukumbi wa hoteli. Tarumbeta zinapanda kwa zulia. Vigelegele. Kitanda kinatetemeka.

Wajane wangapi nimewafungia ndani nikawaambia subira, subira? Sikuwahi kumuuliza hata mmoja anasikia nini kupitia ukuta. Naweka maji ya udhu, naondoka zangu, naenda kunywa chai kwangu.

Nataka kwangu. Nataka kusikia Ndia Kuu asubuhi, muuza kahawa akigonganisha vikombe. Hapa asubuhi nasikia lifti.

Jumanne, 11 Novemba

Sami haonekani. Ananipigia simu kila baada ya siku tatu. Dari bado, shemeji. Mvua, shemeji. Boriti zimeadimika, shemeji. Nimemuuliza, mbona Tsofa aliniahidi wiki mbili? Akasema mafundi ni waongo.

Tsofa namjua tangu baba yake. Ni mvivu wa kusalimia tu, si wa kazi. Nimemuomba Mbeyu akitoka kazini apite Ndia Kuu anitazamie.

Alhamisi, 13 Novemba

Mbeyu aliingia, akafunga mlango, akasimama na ndoo mkononi.

"Mama, nisikufiche."

Dari imekwisha! Tena imekwisha wiki mbili sasa. Kuna mapazia mapya. Mke wa Sami ameanika nguo za watoto juu. Chumba cha chini, alimokuwa akilala mamangu, kimejaa vinyago vya kuwauzia watalii, twiga wamepangwa mpaka mlangoni. Mbeyu alimkuta Tsofa akipaka rangi. Kamuuliza, rangi hii ya kijani ni ya nani? Tsofa akasema, ndiyo aliyotaka mwenye nyumba mpya.

Mwenye nyumba mpya. Nyumba ya mamangu, na ya mama yake kabla yake! Abdulkadir aliingia mle na sanduku la nguo na redio. Alikuwa akisema mwenyewe, kwa kucheka, kwamba yeye ni mpangaji wa Shariffa.

Nikampigia Sami.

"Shemeji, nyumba ya kaka siwezi kuiata tupu," akasema. "Wezi ni wengi wakati huu wa kampeni."

"Nyumba ya kaka yako?"

"Wataka nikutoe ndani ya eda nikutie dhambini? Si wewe mwenyewe ulosema mfiwa hatoki? Mji mzima umesikia."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Nikamkatia simu. Nimeielewa hesabu yake. Nikitoka hapa mwezi wa tatu, atakuwa amekaa mle miezi minne, watoto wametoboa kuta kwa misumari, na mimi ndiye nitakayebisha hodi. Watu watasema Bi Shariffa alihama kwa hiari yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nimekaa ghorofa ya tatu naangalia ufa.

Ijumaa, 14 Novemba

Nilivaa buibui. Nilitoka mpaka kwenye lifti. Nikabonyeza. Mlango ukafunguka, ndani hamna mtu.

Sikuingia.

Hakuna aliyenishika. Mlango ukajifunga, ukafunguka, ukajifunga. Niliwaona wajane wote waliopita mikononi mwangu, wamepanga mstari, wananitazama: kumbe yeye hutoka! Nimerudi 307. Nina hasira na Sami, lakini nina hasira zaidi na mimi.

Jumatatu, 17 Novemba

Leo kaja Hanin wa Majengo. Sikumtarajia. Nilimwingiza eda mwaka wa themanini na tisa, alikuwa na miaka ishirini na sita. Mumewe alifia Majengo kwa baba yake, walikuwa wamekwenda kumjulia hali mzee siku mbili tu. Nikamsomea yale yale: pale msiba ulipokufikia. Alikaa kwa wakweze miezi minne.

Ameniletea mkate wa sinia, ameketi kitini na miguu ameibana pamoja, kama msichana wa chuo cha Kurani. Nikamweleza habari za nyumba. Nikamwambia: Hanin, nenda kwa Maalim, mtu wa dini aliyesoma, umuulizie. Mjane aliyefiwa hotelini, na nyumba anayo, akae wapi?

Akasogeza kiti karibu yangu.

"Wewe, Bi Shariffa, wauliza?"

Nikamwambia naam, nauliza.

Jumatano, 19 Novemba

Hanin amerudi. Hakuketi.

"Maalim yuwasema mjane huikalia nyumba aishiyo. Alofikwa na msiba akiwa kando kwa haja zake, na kwao ni salama, hurudi kwake akaitimize huko."

"Una hakika?"

"N'memuuliza mara tatu. Mara ya tatu alinikasirikia."

Nilishika ukingo wa kitanda. Siku ishirini na sita! Siku ishirini na sita bafuni na blanketi, na sheria ilikuwa upande wangu. Nilianza kucheka. Nilikuwa bado nacheka Hanin aliposema, wala hakupandisha sauti:

"Basi hata mimi ningerudi kwangu."

Alikuwa na chumba Kuze, yeye na mumewe. Mimi sikujua. Sikuuliza! Wakweze walikirudisha kwa mwenye nyumba siku ya arubaini, vyombo wakagawana. Alipotoka eda hakuwa na hata sufuria ya kuchemshia maji. Kwa hiyo ndiyo maana amebaki Majengo miaka yote hii, chumba cha uani kwa watu.

Nilimuomba radhi. Nilishuka kitandani nikamuomba nimepiga magoti, mimi mtu mzima. Akaniinua. Akasema radhi ataitafuta, akiiona ataniletea.

Alipofika mlangoni akageuka. "Kesho n'takuya na teksi. Baada ya adhuhuri."

Alhamisi, 20 Novemba, saa kumi na nusu alasiri

Naandika nikiwa nimeketi barazani. Baraza ya kwangu.

Nimetoka 307 saa nane. Mbeyu alinibebea mkoba mpaka chini, akaniambia mama, ukikataliwa kwako kwangu kupo. Jared akauliza naondoka lini rasmi. Nikamwambia nimeshaondoka.

Mlango wangu una kitasa kipya. Nilibisha. Pazia la juu likatikisika — mke wa Sami yumo, namjua kwa mkono. Hakufungua. Nikabisha tena, nikapiga kwa kiganja, mpaka watu wakatoka madukani. Hakufungua. Teksi imeshakwenda.

Basi nikaketi. Kurudi kule sirudi. Kwenda kwingine siendi, hapa ndipo sheria inaponiweka. Lakini niko njiani! Mchana kweupe, nguo nyeupe zinachungulia chini ya buibui, na wanaume wanapita huku na huku. Nimeinama mpaka kidevu kimegusa magoti. Nimeona haya ambayo sijapata kuona tangu nizaliwe. Nikasema moyoni, Shariffa, Sami kashinda, maana saa hii utainuka tu.

Hanin akasimama mbele yangu akalipanua buibui lake kwa mikono miwili. Hivyo tu. Kama mlango. Mikono ikamchoka, hakuishusha. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kona ya pili:

"Bi Shariffa yuko edani! Na eda yuwaikalia kwake!"

Akatoka jirani wa mkabala na shuka ya kitanda. Kisha mkwewe. Kisha wawili kutoka kichochoro cha nyuma, mmoja mikono ina unga. Nawajua wote. Kila mmoja nimewahi kumwogesha, kumvisha nyeupe na kumfungia mlango. Sasa wamesimama nusu duara, wameshika ncha za shuka, na mimi nimo ndani. Pana mkeka. Pana birika ya kahawa, sijui imepitia wapi. Mwanamume haoni hata ukucha wangu. Hakuna aliyenipa pole, wanasengenya tu ile rangi ya kijani.

Tsofa, aliyekuwa akipita, ametumwa kwenda kumwita Sami dukani kwake. Amekwenda mbio, na yeye si mtu wa mbio.

Nina hofu. Nyumba ina mlango mmoja na shuka hazitashikwa mpaka usiku. Waseme watu wanavyotaka, mimi naandika.

Sami amefika. Simuoni. Naona kivuli kwenye shuka, na nasikia anavyohema. Anaita kwa upole ule ule.

"Shemeji. Shemeji, inuka twende tukazungumze ndani kwangu. Watu wakuona."

Hanin ndiye aliyemjibu.

"Hawamuoni. Wakuona wewe."

Kivuli hakijasogea. Nasikia funguo zikilia mkononi mwake, zinalia, zinanyamaza, zinalia tena —