Rangi Mpya kwa Ng'ombe wa Mzee Masanja

Baba,

Kuna jambo limenipata na wewe ndiye pekee ambaye ungenihoji habari zake mpaka unichoshe.

Kwanza ujue mambo yamegeuka hapa Bariadi. Pamba siku hizi inanunuliwa na watu binafsi, wanaifuata na magari yao hadi kijijini Sola, na ushirika umebaki na mlango wake ule ule wa kijani uliopakwa rangi ya mafuta, ile tuliyokuwa tunapewa masalia yake. Maduka ya mtaa wa Somanda yamejaa vitu. Wewe uliyezoea kuzimua kopo la mwisho kwa mafuta ya taa mpaka nyumba nzima inanuka, ungetafuta pa kukaa.

Binamu Kulwa karudi kutoka Mwanza na boksi la vichupa vidogo. Kaniambia ni rangi mpya, zimetengenezwa kwa ajili ya vinyago vidogo kama vyako, na zinachanganywa na maji. Maji, Baba. Nikamwambia ameuziwa wino wa shule. Jana nikajaribu nyekundu kwenye kipande cha mti. Haikunuka. Nikapuliza kidogo, nikagusa, imekauka. Nikasuuza brashi kwenye ndoo, ikatoka safi. Nilibaki nakitazama kile kipande kama mjinga.

Nilikumbuka siku ile. Ulikuwa kwenye kigoda chako unampaka rangi ng'ombe wa mti, wa mwisho wa Mzee Masanja, yule mwekundu mwenye baka jeupe shingoni. Ukaniambia, "Usinisemeshe, nakaribia macho." Hukuyafikia. Ulianguka, na mpaka leo sielewi mtu anaangukaje hivyo, asubuhi kala viazi vyake na kanitania kuhusu chumvi. Tukakuzika. Niliporudi kutoka makaburini nikamwokota yule ng'ombe chini ya kigoda, na rangi yake ilikuwa bado mbichi. Wewe umeshafukiwa, rangi yako inanichafua vidole. Nilipiga kelele hadi mama mkubwa akaja mbio.

Mzee Masanja hakuja kunisumbua. Unamjua. Tangu wezi wachukue ng'ombe wake wote kule Mwandoya, hakuwa na kingine anachokitaka ila hao wadogo wa mti, kila mmoja na rangi yake ya kweli, na wewe ulimwahidi kwamba watarudi wote. Huyu wa mwisho alikuwa ameshikwa na mchanga ubavu mmoja. Hakuna mwingine wa kummalizia, ikabidi niwe mimi.

Ule ubavu wa mchanga nikaupiga msasa. Ule mwingine rangi yako ilikuwa imebonyea kidogo, nikasema hapa rangi mpya itafukia. Nikampaka. Ni rangi nyepesi sana, inatanda kama chai, na ikakauka pale pale. Nikampaka tena. Baba, haikufukia kitu. Ilifuata kila mstari, na pale tumboni, mahali ulipombana ukianguka, kikatokea kidole gumba chako. Chote. Pamoja na lile kovu la kisu linalokata katikati, ambalo ulikuwa unatudanganya kwamba ulijeruhiwa na fisi. Nikaweka kidole changu juu yake, nikakitoa haraka kama nimegusa jiko. Niliogopa, nikafurahi, nikakukasirikia, yote kwa pamoja.

Leo asubuhi Mzee Masanja kaja. Nilishaamua kumpa. Nilitamani kumficha huyo mmoja chini ya kitanda, kweli kabisa, lakini ahadi ni yako na mimi si mtu wa kukuaibisha. Akawapanga mezani, akawaita mmoja mmoja kwa jina lake, kwa Kisukuma, polepole, huku anawapapasa mgongo. Akamchukua wa mwisho. Kidole chake kikasimama tumboni. Akamgeuzia kwenye mwanga wa mlango, akatazama muda mrefu, kisha akatazama kigoda chako.

Akawafunga wengine kwenye kitambaa. Yule akamrudisha mkononi mwangu, akanikunjia vidole juu yake.

"Mayu," akasema, akiniita mama, "huyu bado hajarudi. Kaa naye."

Mzee aliyepoteza zizi zima, Baba, ananiachia mimi ng'ombe. Nimesimama mlangoni mpaka akapotea kwenye kona ya hospitali, na hadi saa hizi siamini.

Sasa yuko hapa mbele ya karatasi, hana macho. Sitamwekea. Uliniambia nisikusemeshe ukikaribia macho, basi hapo ulipoishia paachwe hivyo. Wengine watakaoagizwa nitawapaka, nakuahidi, kwa rangi hizi za maji, na nitazizoea hata kama hazinuki kama wewe. Wakija watu kuuliza bei ya huyu mwekundu, nitawaambia ana mwenyewe.

Pumzika, Baba. Huyu namchunga mimi.

Mwanao,
Nyanzobe