Giaboksi Niliyomfungia Mzee Ngonyani

Jumanne. Mvua ya asubuhi imeuacha mtaa wetu wa mafundi, Gerezani, wote tope na oili.

Leo nimeaibika, na nilistahili. Naandika haraka kabla sijaanza kujitetea.

Miezi miwili iliyopita Mzee Ngonyani, mwalimu mstaafu wa Ilala, aliniletea pikapu yake. Injini ya petroli ilikuwa imekufa, akataka nimwekee ya dizeli. Aliomba kitu kimoja tu: iwe otomatiki. Goti lake la kushoto haliwezi tena klachi, na yeye ndiye anayempeleka mkewe kliniki.

Giaboksi iliyoendana na ile dizeli ilibidi tuisubiri. Dukani ilikuwepo nyingine, iliyotoka kwenye injini ya petroli, na bolti zilikaa vizuri tu. Zuhura, fundi mwenzangu wa kibanda cha pili, akaichungulia.

"Kaka, hiyo usifunge. Dizeli inavuta kwa nguvu tangu chini, hiyo imezoea injini inayozunguka sana. Itachelewa kubadili gia, mwisho itaungua."

Mzee alikuwa amesimama palepale. Sikutaka anione nikifundishwa.

"Nimefunga hizi kabla wewe hujashika spana," nikamjibu.

Uongo. Kwenye dizeli nilikuwa sijawahi kufunga hata moja. Nikaifunga hivyo hivyo.

Wiki iliyopita pikapu ikagoma njiani, mkewe akiwa ndani. Ikavutwa mpaka kwangu. Nilipofungua, mafuta ya giaboksi yalikuwa meusi, yananuka kuungua. Nilijua hapohapo. Halafu nikamgeukia mzee, mbele ya mkewe, nikamwambia anakanyaga mafuta vibaya, hajazoea otomatiki.

Akainamisha kichwa. "Nisamehe, mwanangu. Uzee."

Aliniomba msamaha mimi.

Leo mchana nimeenda kwake, nikamkuta barazani. Nilimpa shikamoo, akaitikia, na kabla sijakaa akaniambia niitafutie pikapu mteja. Ameacha kuendesha. Mkewe sasa anaenda kliniki kwa bajaji.

Nikamwambia yote. Giaboksi, onyo la Zuhura, uongo wangu. Nikasema nitafunga inayofaa, na gharama ni zangu.

Nilitegemea anifokee. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo sikuwa mimi?"

"Hukuwa wewe, mzee."

Akamwita mkewe aliyekuwa ndani, "Mama Neema, njoo usikie! Fundi, hebu rudia."

Nikarudia. Mama amesimama mlangoni, anafuta mikono kwenye kanga, ananitazama usoni. Mzee anacheka, anajipiga paja, kama mtu aliyetoka hospitali na majibu mazuri.

Bora angenitukana.

Ningenyamaza wiki moja zaidi, pikapu ingeuzwa, naye angebaki anaamini mikono yake imekwisha.

Ni wangapi wengine wametoka kibandani kwangu wakiamini kosa ni lao?