Chupa ya Mama

Jumatatu, 8 Septemba
Kazi kama kawaida. Daktari Mumbi anauliza kwa Kiswahili, mimi nageuza Kiborana, wazee wanajibu. Chai unakunywa ikiwa moto kiasi gani? Kibuyu cha maziwa unakifukiza moshi kila siku? Anatafuta vile saratani ya koo inaanza. Ameitafuta tangu mimi sijaingia darasa la kwanza. Leo Gotu, nyumba nne. Mwanangu Kabale mgongoni, anaota meno. Mgongo umeisha.

Jumanne, 9 Septemba
Daktari amenishika mkono ndani ya gari. Furaha imemjaa. Kile kinyama cha kupimwa walichomtoa Mama kooni kabla hajafa bado kiko hai. Kiko Nairobi, kwa chupa. Seli zake zinazaana. Amejaribu za wagonjwa wengi wa huku, zote zilikufa. Za Mama tu ndizo zilikubali.
Mama tulimzika mwaka jana.
Nilishuka nikamfunga Kabale mgongoni upya.

Jumatano, 10 Septemba
Amenionyesha video kwa simu. Vitu kama matone, vinatambaa. Kimoja kinajikaza, kinagawanyika, vinakuwa viwili. Vinawekwa kwa joto la mwili wa mtu. Vinalishwa Jumanne na Ijumaa.
Nimeuliza, hii ni Mama ama ni ugonjwa? Akasema ni Mama mwenyewe. Ni seli zake, ila zilisahau kufa. Saratani ndiyo hiyo.
Kabale alishika simu akacheka. Nikamchapa mkono. Halafu nikaubusu ule mkono.

Ijumaa, 12 Septemba
Lazima niandike hili. Fomu ya idhini nilimsomea Mama mimi. Mama alikuwa kwa mkeka, hata mate hayapiti. Nilimsomea ile sehemu ya kutoa kinyama. Ile ya mwisho, ya kukiweka na kukikuza, niliiruka. Alikuwa amechoka. Mimi pia, na mimba ya miezi minane. Akaweka kidole gumba.
Hakuna anayejua.
Leo nikipika nimesikia mtu akimeza nyuma yangu. Kwa shida, kama yeye. Mara tatu. Nimegeuka, hakuna mtu. Mchana kweupe.
Halafu nikakumbuka ni Ijumaa.

Jumapili, 14 Septemba
Nimemwambia Baba yote. Nilidhani atapiga kelele. Aliuliza tu, "Bado inakula?"
Nikasema ndiyo.
"Mama yako alikufa na njaa."
Baada ya adhuhuri akasema kilichotoka kwa mwili wake kirudi kwa mwili wake. Basi.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimemwambia Daktari kuhusu fomu, na vile Baba amesema. Nilieleza mpaka mwisho. Kazi ikiisha, iishe.
Aliketi mlangoni mwa gari, miguu nje. Mbuzi za watu zikapita zote. Akasema seli hizi ndizo alizongoja maisha yake yote. Akasema mtu mwingine angenyamaza.
"Hata mimi ningenyamaza, Daktari."
Akanitazama. Nilimhurumia, lakini sikurudi nyuma. Akapiga simu Nairobi, akawaambia wazisimamishe zote, hata zile za kwa barafu. Walibishana naye. Akarudia.

Jumanne, 16 Septemba
Ni siku ya kulishwa, lakini asubuhi sijasikia mtu akimeza. Nilisimama jikoni nikingoja. Maziwa yakamwagika motoni.
Nachukia vile nilingoja.

Ijumaa, 19 Septemba
Daktari ameleta chupa mwenyewe. Ndogo kama ya dawa ya macho. Ndani ni maji ya rangi ya waridi, hakuna kinachotambaa. Hata hivyo nimeishika kama yai.
Baba ameifunga kwa kitambaa cheupe. Tumeenda Kinna, alikozikwa Mama, sisi na Daktari tu. Amechimba kando ya kaburi, kina cha mkono mmoja. Akasoma dua.
Daktari alisimama mbali, kichwa amejifunika leso. Baba akamwita. "Njoo, binti yangu. Wewe ndiye ulimlisha."
Akaja. Akachukua mchanga kwa mikono miwili.
Kurudi, Kabale alilala njia yote.