Kicheko Chako Kinywani Mwangu

Pacha wangu mpendwa,

Tangu tulipokuzika, watu wa Mji wa Kale hunitazama mara mbili. Rafiki yako wa zamani alinisimamisha Makadara, akanipapasa bega kana kwamba anapima kitambaa.

"Yakhe, si tulikuzika wewe? Huko siku hizi mwapewa likizo?"

Nilimweleza kwamba mimi ni yule mwingine. Hakuniamini. Aliniomba unga, ule wa kulevya, kama ulivyokuwa ukimpa wewe.

Ningalilisahau hilo, lakini mwaka huu nilipasuliwa nyonga. Daktari aliniandikia vidonge vikali vya maumivu, akauliza kama katika jamaa yetu kuna aliyewahi kutumia dawa za kulevya. Nilimjibu kama tulivyolelewa kumjibu mgeni: hakuna.

Maumivu yakaisha. Vidonge nikaendelea kuvimeza. Alasiri moja nilikuwa nimeketi kitandani, mwili mwepesi, nikasikia mtu akicheka mle chumbani. Kicheko cha puani, cha chini, kinachokatika katikati. Nilikijua. Mke wangu, Zuhura, alikuja kutoka jikoni, akasimama mlangoni asiingie. Nilimuuliza ni nani anayecheka.

"Ni wewe," alisema. "Usicheke hivyo, bwana. Huyo ni shemeji."

Unakumbuka kitanda chetu kimoja, na mama akitupima vichwa ukutani aone nani amemzidi mwenzake, asimpate? Baba alipofariki, mjomba mwalimu alikuja kuchukua mtoto mmoja, kwa kuwa chumba chake kilikuwa kidogo. Alinishika mkono mimi kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Sababu nyingine sikuisikia. Mimi nikapata vitabu na mtu wa kuniuliza nilikokuwa. Wewe, ndevu hazijaota, ulikuwa ukibeba magunia Shimanzi, na watu wa malori wakakupa kitu cha kuondoa uchovu. Miaka yote niliamini kwamba mimi ni imara na wewe ni dhaifu.

Zuhura alivificha vile vidonge. Kesho yake asubuhi alinikuta jikoni, mkono umezama hadi kiwiko katika debe la mchele. Sikumbuki kuondoka kitandani. Hakuna aliyeniambia vilipo, navyo vilikuwa humo, vidoleni mwangu.

Siku hiyo hiyo tulirudi kwa daktari, Zuhura akamsimulia habari ya debe la mchele. Nilimwambia kwamba nilikuwa na pacha, na kwamba aliuawa na unga. Nilimwambia pia kwamba babu yetu alivuta kasumba, jambo ambalo wewe nami tulilisikia mara moja tu, nyuma ya pazia. Daktari hakushtuka. Alieleza kwamba mwelekeo huo huweza kurithiwa, kama tulivyorithi urefu na mvi za mapema, lakini damu peke yake haitoshi. Kazi anayoifanya mtu, walio karibu naye, anayegundua kwamba amebadilika, vyote vina uzito wake. Akavichukua vile vidonge, akanipa vingine hafifu.

"Mzee, wewe umepata wa kukufichia," alisema. "Yeye alifichiwa na nani?"

Zuhura akajibu badala yangu: "Na nani? Alikuwa akilala nje."

Ijumaa, baada ya sala, wanangu watakuja. Wao wanaamini ulikufa kwa kifua. Nitawatajia jina lako, nitawaambia kilichokuua, kisha nitawaambia kwamba huenda na wao wanao mwelekeo huo damuni. Watakasirika. Afadhali wakasirike wakiwa wazima.

Nyonga bado inauma. Vidonge hivi vipya havinipi raha yoyote, na kila ninapovimeza nahisi kuna mtu humu ndani anayeudhika. Lala, ndugu yangu. Mwili huu bado nina kazi nao.

Wako wa tumbo moja,
Pacha uliyemwacha