Vidonge vya Sandukuni

Padova, Italia, 18 Januari 2011

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. U hali gani, na miguu inaendeleaje? Mimi mzima, ila uchovu. Bibi Ornella ninayemuuguza halali siku hizi. Ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa, nami naitika.

Nimempa Grigore wa basi dogo linaloleta mizigo huko nyumbani mzigo wako: dawa za moyo, mafuta ya magoti na kahawa. Juu ya kila kisanduku nimeandika kwa wino mwekundu, "Mama, kimoja asubuhi." Grigore anasema mara ya mwisho hukuweza kusimama kumpokea, miguu imevimba. Kwa nini, ilhali dawa unazo? Niambie kweli.

Nawe nitumie matone yetu ya moyo, yale yenye harufu kali. Kifua kikinibana nafungua chupa, nanusa tu, usingizi unakuja.

Binti yako,
Liuba

Kijijini, 9 Februari

Mwanangu Liuba,

Marahaba, mama. Hatujambo, mimi na kuku. Mzigo umefika. Jirani Evdochia alikuwapo Grigore akiushusha, macho yakamtoka. Kisanduku kimoja nimekiweka kwenye kabati la vioo, kando ya vikombe, kama wafanyavyo wote wenye watoto Italia. Evdochia hana wa kumletea, basi anasema dawa za hapa ndizo bora. Ndiyo yale ya sungura, sizitaki mbichi hizi.

Usihangaike na miguu, Grigore ana mdomo. Jioni nadondosha matone yangu kwenye sukari, moyo unatulia. Zako ni dawa nzuri mno, na kitu kizuri hakiliwi ovyo. Nimezipanga ndani ya lile sanduku la chini ya kitanda. Ukijaliwa tuma tena, bado hazijatosha watu wote.

Mama yako

Padova, 2 Machi

Mama,

Shikamoo. Watu wote gani? Sanduku hilo nalijua. Ndimo zilimo taulo, mishumaa na vikombe vya kuwagawia majirani siku ya maziko yako, kwa desturi yetu. Kwa hiyo watagawana dawa za moyo wako wakati moyo umeshasimama?

Kila asubuhi nafungua mdomo wa mama wa watu. Naweka kidonge ulimini, namwinulia glasi, nangoja ameze. Akitema, naanza upya. Kumbe mama yangu mimi zake kazilaza na mishumaa. Nimechoka, Mama, na nimekasirika. Zimeze.

Liuba

Kijijini, 21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imeniliza, ikaniudhi, mwisho nikacheka. Ulitaka nimwachie Evdochia nini? Taulo anazo za kila maiti wa kijiji hiki. Nilitaka waseme mimi Parascovia nilikuwa na mtoto. Miaka minne sasa wanaona visanduku, wewe hawakuoni.

Jana nilijaribu. Nilitoa kidonge, nikasoma maandishi yako mekundu, nikakirudisha. Kisanduku kikiisha kitatupwa, nami nitabaki na nini chako? Leo miguu haiingii viatuni na kuandika kumenichosha. Mwenyewe siwezi kuzimeza, Liuba. Huyo Bibi Ornella ana bahati yake.

Matone nimempa Grigore.

Mama yako

Padova, 27 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Matone yamefika. Nimeyanusa, lakini safari hii usingizi haukuja.

Asubuhi nimewaambia watoto wa Bibi Ornella kwamba naondoka. Wakauliza, "Sasa dawa atampa nani?" Nikawajibu, "Nyinyi." Bibi mwenyewe nilimuaga, akanishika mkono akaniambia nimsalimie mama yetu. Huyo nitamkumbuka.

Barua hii anakuja nayo Grigore leo. Safari yake inayofuata atanileta mimi, kiti cha nyuma, katikati ya mizigo ya watu. Usimwambie Evdochia, mwache aje ajionee. Fungua sanduku, utoe kisanduku kimoja. Mishumaa iache humo humo. Weka na glasi ya maji mezani.

Nitakuwekea ulimini mimi mwenyewe, halafu nitangoja umeze. Wewe nisubiri tu.

Binti yako,
Liuba