Jina Langu Limefika Kagunga

Jumatatu, 4 Mei 2015

Leo nimeamua. Biashara ya boti bila meseji ni ushamba! Wateja wangu wa Kagunga, kule mpakani na Burundi, wenye mawese na wenye maduka, kila safari nawapigia mmoja mmoja mpaka koo linakauka. Mpwa wangu Erica, mwenye duka la fotokopi pale Mwanga, anasema zipo programu: unaandika mara moja, wateja wote wanapata. Atanitafutia.

Nikamwambia – mimi niliyevusha watu mia tatu kwa safari moja, mwaka wa vita ya Zaire, na ng'ombe juu yao, nitashindwa na kompyuta? Dismasi, nahodha wangu, akatema mate ziwani. Eti, mzee Bona, mwaka ule boti hatukuwa nayo. Wivu! Na hii ya sasa anasema mwisho watu arobaini. Nahodha mwoga.

Boti zote zinazotoka Kagunga zinaleta Warundi wanaokimbia nchi yao. Wanashuka hapa mwaloni Katonga, wanakaa juu ya mizigo yao, hawasemi. Hata watoto hawalii. Sijapenda.

Jumatano, 6 Mei

Programu mbili zimeletwa dukani kwa Erica. Ya kwanza ya Feliksi, mtu wa hapahapa Ujiji: meseji inatoka na namba ya simu, na mteja akijibu, jibu linarudi kwenye kompyuta. Ya pili ya Jonathan, katoka Dar, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Hiyo haina namba. Linatokea JINA! Mteja anasoma tu, kujibu hawezi. Masharti: jina lisizidi herufi kumi na moja. Nikahesabu kwa vidole. BONAVENTURA – kumi na moja kamili! Mungu akupe nini tena?

Erica: Mjomba, chukua ya Feliksi. Mteja akitaka kuuliza je?

"Wewe benki ikikutumia meseji, unaibishia?"

Jonathan akacheka, mzee wangu una akili ya mkurugenzi. Feliksi akafunga mkoba wake taratibu. Alisema mlangoni: mzee, unanunua mdomo, masikio unayaacha hapa. Nikamwambia safari njema.

Meseji nikatunga mwenyewe, na darasa langu la tano. "Boti kubwa itafika Kagunga Jumamosi asubuhi. Watu na mizigo. Nafasi mia tatu. Hakuna atakayebaki."

Erica kashtuka – mia tatu, mjomba? Nikasema bonyeza, biashara ni maneno. Kompyuta ikaandika: imefika, imefika, imefika. Wateja wote! Usiku nimekula kuku.

Alhamisi, 7 Mei

Katonga, asubuhi. Mama mmoja wa Kirundi katoka botini, nguo zimelowa, kanifuata moja kwa moja. Wewe ndiye Bonaventura? Kanionyesha simu. Meseji yangu! Wala si mteja wangu. Kasema katumiwa na jirani, na jirani katumiwa na mwingine. Mama yake yuko bado kule ufukweni, mgonjwa wa tumbo. Utamchukua?

Nikasema Jumamosi. Ningesema nini, mbele ya watu?

Kanishika mikono yote miwili, hakuachia. Mikono ya baridi. Jioni bado naisikia.

Ijumaa, 8 Mei

Honorata kapiga simu. Huyu ni mteja wangu wa mawese kule Kagunga, mwanamke wa kelele, lakini leo kaongea chini chini.

"Mzee Bona, umefanya nini?"

Nikauliza kwani vipi.

"Watu wameshuka kutoka mlimani, upande wa Burundi, wamejaa ufukweni mpaka mchanga hauonekani. Waliokuwa kwenye foleni ya meli ya wakimbizi wameiacha, wanakungoja wewe. Wanajibu meseji yako, jibu haliendi. Wanasema mkubwa hajibu, lakini atakuja."

Kwanza nilifurahi, sitaficha. Jina langu limefika Burundi! Halafu nikakumbuka boti. Mbao zake. Ile sehemu ya nyuma tuliyoziba na lami.

Nimekimbia kwa Erica. Tumeandika nyingine: "Samahani. Nafasi ni arobaini tu. Rudini kwenye foleni ya meli." Kompyuta: inasubiri. Inasubiri. Inasubiri. Erica anasema simu za kule zimezima, hakuna pa kuchaji; hata ya Honorata sasa haipatikani. Jonathan nimempigia. Mzee wangu, programu imefanya kazi yake, kasema, kakata simu.

Erica kalia – mjomba usiende. Dismasi naye ananitazama tu. Nisipokwenda, Honorata yuko peke yake na watu wale, na wanajua ni mtu wangu. Nikienda, nitasimama mbali kidogo, niwaambie kwa mdomo. Mimi nikisema, watu husikia. Siku zote wamesikia.

Jumamosi, 9 Mei

Naandika botini. Mkono unataka kitu cha kushika.

Tumefika. Dismasi kazima injini mbali na ufukwe. Nilisimama nikapiga kelele: arobaini! Arobaini tu! Wanawake na wagonjwa kwanza! Upepo wa kusini umeyachukua yote. Wao wameona mtu kasimama anapunga mikono. Wakashangilia.

"Ngwino! Ngwino!" – wananiita nije. Halafu wakaona hatuji, wakaanza kuja wao. Wanaingia majini na magodoro kichwani. Wa mbele yamewafika kifuani. Wengine nyuma yao hata hawaoni mbele kuna nini, wanasukuma tu.

Mwanamke mmoja kaweka mtoto kwenye beseni, anamsukuma juu ya maji, kuja kwetu. Anaogelea kwa mkono mmoja. Amewapita wote.

Dismasi kashika kamba ya injini. Haniiti mzee leo.

"Bona. Nikivuta, tunaondoka, lakini wimbi la pangaboi la injini litalipindua lile beseni. Nisipovuta, wote watatufikia, watashika ubavu mmoja, na tutazama nao. Sema."

Namwambia ngoja.

"Sema, Bona!"

Beseni ni la buluu. Mtoto amekaa wima, kashika kingo kwa mikono yote, ananitazama mimi –